Treni, Mwezi au Mkokoteni: Uanze na Filamu Ipi?

Una saa moja, vijana arubaini, projekta ya kuazima na ukuta mweupe. Unataka watoke hapo wakijua sinema ilikotoka. Utawaonesha nini?

Swali hili nimeulizwa na walimu, na vijana wanaopiga filamu zao za kwanza kwa simu, na mama mmoja aliyechoka kuwaona wanawe wakishinda na katuni. Kila mara najikuta narudi kwenye filamu tatu zilezile: treni ya ndugu Lumière, mwezi wa Georges Méliès na mkokoteni wa Ousmane Sembène. Zote tatu kwa pamoja hazifiki dakika 40, kwa hiyo tamaa ya kuzionesha mfululizo ni kubwa. Nimeshafanya hivyo, na sishauri. Ya pili inaifuta ya kwanza, na ya tatu inawakuta watu wanatazama saa. Afadhali uchague moja ya kuanzia, watu waizungumze mpaka hamu iwaishe, nyingine zifuate wiki nyingine.

Katika kuchagua natumia kipimo kimoja, na ndicho nitakachokitumia hapa: kamera imesimama wapi, na imesimama upande wa nani.

Zilivyozaliwa

Familia ya Lumière ilikuwa na kiwanda cha bamba za kioo za kupigia picha mjini Lyon, Ufaransa. Baba yao, Antoine, alikuwa mpiga picha. Wanawe Auguste na Louis walikuwa mafundi. Februari 1895 walisajili hataza ya mashine waliyoiita sinematografu, na uzuri wake ulikuwa kwamba kisanduku kilekile kilipiga picha, kikachapa nakala, na kikawekewa taa kuonesha ukutani. Kilizungushwa kwa mkono, fremu 16 hivi kwa sekunde, na utepe wa mita 17 hivi ulikwisha kabla ya dakika moja. Ndiyo maana filamu zao za mwanzo zinalingana urefu. Hakuna aliyeamua ziwe sekunde 50. Utepe ndio uliokwisha.

Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha mkahawa wa Grand Café jijini Paris, watu 33 walilipa faranga moja kila mmoja, wakaoneshwa filamu kumi. Treni inayoingia kituo cha La Ciotat, mji wa pwani ya kusini ambako familia ya Lumière ilikuwa na nyumba, haikuwemo katika kumi zile. Hili hukosewa sana. Na ile hadithi kwamba watazamaji waliruka viti wakakimbia, wakidhani treni inatoka ukutani kuja kuwasaga, isimulie kama hadithi tu. Mtafiti wa Kijerumani Martin Loiperdinger ameichunguza kwa makini na hakukuta ushahidi wa fujo hiyo. Kilichowashangaza watu wa mwanzo kilikuwa kidogo zaidi na, kwangu mimi, kizuri zaidi. Katika filamu moja mtoto analishwa na wazazi wake bustanini, na waliokuwepo waliyakodolea macho majani ya miti nyuma yake. Yalikuwa yakitikisika kwa upepo. Jukwaani miti huchorwa kwenye pazia. Hapa ilikuwa ikicheza yenyewe.

Katika chumba kile alikuwepo Georges Méliès, mwana wa mwenye kiwanda cha viatu, aliyekuwa ameachana na viatu akanunua ukumbi wa mazingaombwe, Théâtre Robert-Houdin, mwaka 1888. Alitaka kununua mashine papo hapo. Antoine Lumière alikataa. Mwaka uliofuata Méliès akapata mashine London kwa fundi Robert Paul, na kufikia 1897 alikuwa amejijengea studio ya vioo huko Montreuil, nje kidogo ya Paris, ili jua liingie na upepo usiingie. Humo ndimo alimotengeneza Safari ya Mwezini, iliyotoka mwaka 1902: mita 260 za utepe, kama dakika 14, mandhari 30, wanasayansi wenye ndevu na kofia, kombora linalopigwa kwa mzinga, na mwezi wenye uso wa mtu unaotobolewa jicho. Picha hiyo ya jicho hata asiyewahi kusikia jina la Méliès ameiona mahali fulani.

Sasa ruka karibu miaka 60. Ousmane Sembène alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia katika jeshi la Ufaransa, akawa kuli wa bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, hatimaye ukweli ukamkaa: watu aliokuwa akiandika habari zao hawakuwa wakisoma vitabu vyake. Akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa anakaribia miaka 40. Aliporudi alipiga Borom Sarret, mwaka 1963, filamu ya dakika 20 hivi kuhusu siku moja ya mtu anayejipatia riziki kwa mkokoteni wa farasi mitaani Dakar. Jina ni la Kiwolofu, maana yake mwenye mkokoteni. Hilo sarret ni charrette ya Kifaransa iliyovishwa kanzu. Wengi wanaihesabu kuwa filamu ya kwanza iliyopigwa Afrika kusini mwa Sahara na mwongozaji Mwafrika mweusi.

Kwa nini ilichelewa hivyo? Kwa sababu ilizuiwa. Kuanzia 1934 Amri ya Laval ilimtaka kila anayetaka kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika apate kibali cha serikali ya kikoloni, na vibali hivyo Waafrika hawakuwa wakivipata. Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa nchi tunayoiita leo Benin, na wenzake waliponyimwa ruhusa ya kupiga nyumbani, walipiga filamu yao ya mwaka 1955 Paris kwenyewe, wakiwapiga Waafrika wanaoishi huko. Kwa hiyo ukiweka treni na mkokoteni bega kwa bega, jua kwamba katikati yake kuna miaka karibu 70 ambayo watu wetu walipigwa picha nyingi mno na kupiga chache mno.

Kamera imesimama wapi

Katika treni, kamera imesimama jukwaa la stesheni, karibu na reli, kama mtu aliyekuja kupokea mgeni. Haisogei. Mwanzoni reli ni tupu, kisha kichwa cha treni kinatokea mbali kikiwa kidogo kama kiberiti, kinakua, kinakata fremu mshazari, kinapita na kutoweka upande wa kushoto. Milango inafunguka, watu wanashuka, wengine wanapanda. Basi. Lakini itazame mara ya tatu uone yaliyofichwa humo. Mtu yuleyule anaanza akiwa mdogo nyuma kabisa, anakuja mpaka karibu kabisa na kamera, kisha anapita zake. Picha ya mbali, ya kati na ya karibu, zote katika shoti moja bila kukatwa. Vijana wetu hukata kila baada ya sekunde mbili kwa hofu kwamba mtazamaji atachoka. Hapa hakuna kilichokatwa na hakuna anayechoka, kwa sababu aliyeitega kamera alijua watu watapita wapi.

Alijua, maana baadhi yao walikuwa watu wake. Miongoni mwa wanaoonekana stesheni wamo jamaa wa ukoo wa Lumière. Na ile filamu ya wafanyakazi wanaotoka kiwandani, ambayo hutajwa kama mfano wa ukweli mtupu, ipo katika matoleo matatu tofauti, na watu huyatofautisha kwa kuhesabu farasi: moja lina farasi mmoja, la pili wawili, la tatu hakuna. Yaani wafanyakazi walitolewa langoni zaidi ya mara moja, mbele ya kamera ya mwajiri wao. Siisemi hii kuishusha. Naisema kwa sababu kijana akishaijua, hatadanganyika tena kwamba kamera ikisimama kimya inasema kweli yenyewe. Aliyeiweka ndiye mwenye kiwanda.

Mwaka 1897 kamera hiyohiyo ilipelekwa kwenye kijiji cha maonesho huko Lyon ambako Waashanti, watu wa Ghana ya leo, waliletwa kutazamwa na wenyeji. Filamu hizo zipo. Kamera imesimama palepale penye adabu zake, kwa umbali uleule wa stesheni. Lakini watu wa stesheni walikuwa wakipokea jamaa zao, na Waashanti walikuwa wakitazamwa kwa tiketi.

Katika mwezi, kamera imeketi. Méliès aliiweka kana kwamba iko kiti cha mbele katikati ya ukumbi wake wa mazingaombwe na hakuinyanyua hapo. Kila mandhari ni jukwaa kamili, watu wanaingia kwa kushoto na kutoka kwa kulia, miguu na vichwa vyote ndani. Hata mwezi unapoonekana kusogea, kamera haikusogea: ni mwezi uliosogezwa kuifuata kamera. Ufundi wote uko kwenye kusimamisha mashine, kubadilisha kitu, na kuiendesha tena. Mwavuli unageuka uyoga. Kiumbe wa mwezini anapigwa, linabaki wingu la moshi. Mkasi na gundi ndivyo vilivyomaliza kazi, kwa hiyo anayedhani uhariri ulizaliwa na kompyuta atakutana na babu yake hapa. Kuna jambo moja la ajabu ambalo lazima ulitegee: kombora linatua mara mbili. Kwanza linachoma jicho la mwezi, kisha katika shoti inayofuata linatua tena kwenye ardhi ya mwezi, kana kwamba ile ya kwanza haikutokea. Leo tungeiita kosa. Méliès alikuwa akisimulia kama bibi anayesema, «akafika, mtoto we, alivyofika sasa…» na kurudia kufika ili utamu usipite haraka.

Lakini tazama pia wanachofanya wageni hao wakishafika. Wanalala bila kubisha hodi, wanaamka, wanawapiga wenyeji kwa miavuli mpaka wanapukutika, wanakimbilia chomboni, na mwenyeji mmoja aliyeng'ang'ania chombo anaanguka nao hadi duniani. Katika nakala kamili anatembezwa mbele ya umati kwenye sherehe ya kuwapongeza mashujaa. Wapo wasomi wanaosema Méliès alikuwa akiwakejeli wakoloni: wanasayansi wake ni wazee wapumbavu wenye kofia ndefu. Naielewa hoja hiyo na nusu naikubali. Ila filamu ilitoka 1902, wakati pwani yetu hii na bara lake vimeshagawanywa kati ya Waingereza na Wajerumani, na kila ninapoitazama na watu wa hapa, kicheko hupungua pale mateka anapotembezwa. Hakuna anayewaambia wapunguze. Kinapungua chenyewe.

Katika mkokoteni, kamera imepanda. Iko kwenye kimo cha macho ya mwendeshaji, inaona mgongo wa farasi, gurudumu, vumbi, na mji unavyomjia mtu ambaye hana mlango wa kuufungia. Farasi anaitwa Albourah, jina ambalo kwa masikio ya Mswahili linakaribia sana Buraq, na sijui farasi gani mwingine wa kwenye sinema amebeba jina zito kiasi hicho akivuta matofali. Kwa mara ya kwanza kati ya hizi tatu, tunasikia mtu anawaza nini. Sauti iliwekwa baadaye, kwa Kifaransa, na Sembène mwenyewe ndiye anayemsemea mwendeshaji. Hapo kuna kasoro, na kijana makini ataiona: mtu wa Dakar mwenye mkokoteni hafikirii kwa Kifaransa. Sembène aliijua, na mwaka 1968 alitengeneza filamu ndefu, Mandabi, kwa Kiwolofu.

Kinachonifanya niipende zaidi ni kwamba mtu huyu hakupakwa asali. Asubuhi anasali, anamuaga mkewe, anabeba abiria wa kila siku ambao hawalipi. Anampita ombaomba bila kumtazama. Kisha anakuja mwimba sifa, anamwimbia ukoo wake wa mashujaa, na maskini huyu ambaye nyumbani hakuna chakula anampa alichochuma. Kila mtu ukumbini anakasirika, na kila mtu anamjua mjomba wa namna hiyo. Baadaye bwana mmoja aliyevaa suti anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa maghorofa ambao mikokoteni imepigwa marufuku. Muziki unabadilika: kinanda cha nyuzi cha kwao kinanyamaza, unaingia muziki wa Kizungu, na barabara inakuwa laini ghafla. Polisi anamsimamisha, na hatimaye mkokoteni unakamatwa. Medali yake ya vitani inaanguka chini, na kiatu cha polisi kinaikanyaga. Shoti hiyo ni fupi. Haina muziki wa kukuambia ulie. Senegal ilikuwa huru tangu 1960, na kiatu ni cha mtu mweusi mwenzake.

Mwisho wake sitausema. Una maneno machache sana ya mkewe, nayo hukaa kichwani siku nyingi.

Nani ameketi mbele ya ukuta

Kama ni watoto wa chini ya miaka kumi, usifikirie mara mbili: mwezi. Mkokoteni una tukio la baba aliyebeba maiti ya mtoto mchanga na kukataliwa makaburini kwa ajili ya karatasi, na si jambo la kumtupia mtoto jioni bila maandalizi. Treni nayo watoto wataimaliza kabla hujakaa, wakuulize katuni iko wapi.

Ila mwezi usiwaoneshe kimya. Wakati wa Méliès palikuwa na mtu aliyesimama pembeni ya turubai akisimulia yanayotokea, na muziki ukipigwa hapohapo. Sisi hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Aliyekulia kwenye kibanda umiza anajua raha ya filamu ya Kihindi au ya kareti inayotafsiriwa kwa Kiswahili na msimulizi mwenye mdomo; Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao, na jirani yako yupo kijana mwenye kipaji hicho ambaye hajawahi kuambiwa kwamba kazi hiyo ina zaidi ya miaka mia. Mtafute. Mwoneshe filamu siku moja kabla, mpe maikrofoni, mwache awape wanasayansi majina ya mtaani. Nimeona watoto mia wakipiga kelele mbele ya picha ya mwaka 1902 kana kwamba imetoka jana.

Vijana wanaotaka kushika kamera wanahitaji treni, nao ndio huidharau zaidi. «Mwalimu, hii ni treni tu.» Ndiyo, ni treni tu. Ioneshe mara tatu, na kila mara wape kazi tofauti: mara ya kwanza watazame mashine, mara ya pili wamchague mtu mmoja na kumfuata, mara ya tatu wahesabu wangapi wanaitazama kamera. Mara ya tatu ndipo ukimya unapoingia chumbani. Zoezi lote halizidi dakika kumi na linafundisha utungaji wa picha kuliko saa tatu za nadharia.

Watu wazima, na vijana kuanzia miaka kama 14, wape mkokoteni. Mwaka fulani tuliuonesha uwanjani, shuka limefungwa kati ya minazi miwili, na miongoni mwa waliokuja alikuwepo mzee mmoja mchukuzi, mwenye gari la ng'ombe. Hakusema neno filamu nzima. Taa zilipowashwa nilimfuata.

«Umeionaje, babu?»

«Yule farasi, mwanangu,» akasema. «Farasi wamemrudishia. Angechukuliwa farasi ndio ungekuwa msiba.»

Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nyingi na sikuwahi kulipima jambo hilo kwa mizani ya mtu anayejua bei ya mnyama na bei ya mbao. Kamera ya Sembène ilisimama mahali ambapo mzee yule aliweza kuingia nayo moja kwa moja, bila mimi kumshika mkono.

Nakala, sauti na ruhusa

Treni na mwezi ni kazi za zamani ambazo haki zake zimekwisha, na nakala zimejaa mtandaoni. Jihadhari na mbili. Mwaka 2020 lilisambaa toleo la treni lililosafishwa kwa akili mnemba hadi 4K na fremu 60 kwa sekunde. Linapendeza, lakini sehemu ya unachokiona pale imebuniwa na kompyuta, haikupigwa na kamera. Waoneshe baadaye kama mjadala, lisiwe la kwanza. Na nakala nyingi za mwezi zimekatwa mwishoni, chombo kikishavutwa tu kutoka baharini; tafuta yenye gwaride na mateka, ama sivyo umepoteza nusu ya mazungumzo.

Mwezi upo pia wa rangi. Wakati huo rangi zilipakwa kwa brashi, fremu kwa fremu, na wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier jijini Paris. Nakala ya rangi ilidhaniwa imepotea mpaka ikajitokeza Barcelona mwaka 1993 ikiwa imeharibika vibaya, na ukarabati wake ulikamilika 2011. Visiwani tulizoea kusikia wazee wakijivunia Televisheni Zanzibar kwamba ilizaliwa 1973 ikiwa na rangi wakati wengine hawanazo. Ukiwaambia kwamba miaka 70 kabla ya hapo kulikuwa na wanawake wanaopaka rangi mwezi kwa mkono, wanataka kuiona. Kwa hadhira ya watoto chukua ya rangi. Muziki wake ni mpya, wa kundi la Kifaransa la Air, na huo una wenyewe, kwa hiyo ukiwa na msimulizi au mpiga ngoma wako, zima sauti.

Mkokoteni ni habari nyingine. Sembène alifariki 2007 na kazi yake bado ina haki. Kuutazama nyumbani na kuuonesha hadharani si jambo moja, omba ruhusa. Ulikarabatiwa mwaka 2013 na nakala hiyo ni safi. Sijawahi kukutana nayo ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini, kwa hiyo hapa pia unahitaji mtu wa kusoma tafsiri, lakini si yule wa mwezini. Mtafute anayejua kunyamaza. Mke na polisi: kila mmoja ana sentensi chache, na zikisomwa taratibu kwa sauti ya kawaida zinatosha.

Ningeanza na ipi

Nikiambiwa nichague moja kwa hadhira nisiyoijua, naanza na mkokoteni, ingawa ndio wa mwisho kuzaliwa. Wengi hushauri kufuata miaka: treni, mwezi, halafu endelea. Naona utaratibu huo unamwambia kijana wa Mwanza au Lubumbashi kwamba sinema ni ya watu wengine na yeye ameingia kwa kuchelewa, kupitia mlango wa nyuma. Ukianza na Dakar, anaingia kwa mlango wa mbele. Kisha, akirudishwa kwenye stesheni ya La Ciotat wiki inayofuata, hatazami treni tu. Anauliza nani amebeba mizigo ya wale wanaoshuka. Nimelisikia swali hilo mara kadhaa, na kwa walioanza na treni sijawahi kulisikia.

Mwezi unapoteza kidogo katika mpangilio huu, nakiri. Baada ya medali iliyokanyagwa, miavuli ya Méliès huonekana nyepesi. Ndiyo maana nauweka wa tatu, na ikiwezekana siku ambayo watoto watakuwepo, kwa sababu kicheko chao huurudishia uzito wake. Méliès alistahili hivyo. Alitengeneza filamu zaidi ya 500, nyingi zikapotea. Mwaka 1923, akiwa amefilisika, alizichoma nakala mama zake kwa mikono yake, kisha akaishia kuuza vitu vya kuchezea watoto katika kituo cha treni cha Montparnasse. Kituo cha treni, fikiria. Alipopewa nishani ya heshima ya Ufaransa mwaka 1931, aliyemvisha alikuwa Louis Lumière.

Baada ya mkokoteni na treni, wape vijana zoezi la sekunde 50: simu isishikwe mkononi, isisogee, hakuna kukata. Waambie jambo moja tu, wachague pa kuiweka. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, wengi waliweka juu ya ukuta au kwenye dirisha la ghorofani, picha nzuri za paa na bahari. Mvulana mmoja aliiweka chini kabisa, stendi ya daladala, kwenye vumbi. Filamu yake yote ilikuwa miguu inayoshuka, ndala, viatu vya shule, gurudumu linalokaribia mno, na mkono unaoingia kutoka pembeni kuweka sarafu mahali tusipopaona. Mwenzake akamuuliza kwa nini ameiweka chini hivyo.

«Ndipo anapokaa mama akiuza vitumbua,» akasema.